Ufa wa Miaka Tisa Katika Simu Zetu

Wengi wetu hapa Unguja tunaweka akiba na kulipa ada za watoto kwa simu za Android, ambazo kiini cha mfumo wake endeshi ni Linux. Oktoba 2016 ilitangazwa kwamba kiini hicho kilikuwa na ufa tangu mwaka 2007, nao ukaitwa Dirty COW. Programu isiyoruhusiwa kubadili faili hupewa nakala tu ya kuchezea. Lakini kwa kushindanisha amri mbili kwa kasi, iliweza kuandika juu ya faili lenyewe, na hatimaye kuitawala simu nzima.

Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alikiri kwamba alijaribu kulirekebisha tatizo hilo miaka 11 kabla, lakini marekebisho yale yakaondolewa kwa kuwa yalivuruga kompyuta za aina nyingine.

Google ilitoa kinga ya Android Desemba 2016. Hata hivyo, kinga hiyo husubiri kila mtengenezaji aifikishe kwa wateja wake, na simu za bei nafuu mara nyingi husahauliwa. Septemba 2017, watafiti wa Trend Micro waliikuta programu hasidi ZNIU ikiutumia ufa uleule katika nchi zaidi ya 40.

Si haki, kwa maoni yetu, kumlaumu muuza urojo kwa kutosasisha simu iliyokwisha kutelekezwa na kiwanda. Wauzaji wa Darajani nao wanawajibika kumwonesha mnunuzi, kabla ya kupokea fedha yake, tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Imeandikwa ndani ya mipangilio ya simu.