Hasheem Thabeet Apimwe kwa Msimu wa Connecticut

Hasheem Thabeet anapotajwa kwenye vijiwe vya kikapu Dar es Salaam, hukumu hutolewa haraka: alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kisha hakung'ara. Hukumu hiyo haikosi ukweli, ila inaanza kusoma kitabu katikati. Inairuka miaka mitatu aliyokaa Chuo Kikuu cha Connecticut, na hasa msimu wa 2008/09, ambao ndio kazi yake bora uwanjani. Anayetaka kujua Tanzania inakosa nini katika mchezo huu aanzie hapo.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alipita Makongo, shule yenye jina kubwa katika michezo, akaanza kikapu akiwa tayari na umri wa miaka 15 hivi, na kumalizia sekondari Houston, Texas, mwaka 2006. Alipoingia chuoni alikuwa na urefu wa mita 2.21. Urefu alikwenda nao kutoka nyumbani. Mengine yote ilibidi afundishwe.

Na alifundishwa. Mwaka wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 na ribaundi 6.4 kwa mchezo. Mwaka wa pili akapanda hadi pointi 10.5 na ribaundi 7.9. Mwaka wa tatu akafikisha pointi 13.6, ribaundi 10.8, na kuzuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo. Kwa jumla alizuia mitupo 417 katika miaka hiyo mitatu, akiwa nyuma ya Emeka Okafor peke yake katika historia ya chuo hicho. Okafor ana 441, naye alikuwa mkononi mwa kocha yuleyule, Jim Calhoun, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004.

Timu nayo ilikua pamoja na senta wake. Mwaka wa kwanza wa Thabeet, Connecticut ilishinda michezo 17 na kupoteza 14, ikakosa hata nafasi ya kuingia mashindano ya taifa. Mwaka uliofuata iliingia, lakini ikatolewa raundi ya kwanza na San Diego kwa pointi 70 kwa 69 baada ya muda wa nyongeza. Katika mchezo huo A.J. Price, aliyekuwa akiiongoza timu, aliumia goti vibaya. Timu iliyorudi uwanjani msimu wa 2008/09 ilikuwa imeonja vya kutosha machungu ya kushindwa: Price amepona, Jeff Adrien yuko mwaka wa mwisho, Stanley Robinson na Jerome Dyson wamekomaa, na kuna kijana mpya kutoka Bronx aitwaye Kemba Walker.

Kilichofuata ni ushindi mara 31 na kupoteza mara tano. Februari timu ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Tarehe 31 Januari, dhidi ya Providence, Thabeet alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Wapinzani walianza kupiga kwa mbali au kugeuza njia kila walipomwona amesimama chini ya kikapu, na faida ya namna hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya takwimu.

Lakini msimu wa chuo hauna huruma kwa mchezaji mwenye pengo. Februari 16, mjini Hartford, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya sentimita 15, alimsukuma, akamzungusha, na kuna wakati alimbeba mgongoni hadi chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi tano na ribaundi nne. Siku hiyo kila mtu aliona alichokuwa bado hana: nguvu za miguu na ujanja wa kupigania nafasi. Siku chache kabla, Dyson naye alikuwa ameumia goti, na msimu wake ukaishia hapo. Timu haikusambaratika. Mwisho wa msimu Thabeet na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East, na Thabeet akabaki na tuzo ya mlinzi bora kwa mwaka wa pili mfululizo.

Kisha ukaja usiku ambao mashabiki wa kikapu cha vyuo wanausimulia hadi leo. Machi 12, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Connecticut na Syracuse zilimaliza muda wa kawaida zikiwa 71 kwa 71. Zikaongeza muda mara moja, mbili, tatu, hadi mara sita. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano, Thabeet akiwamo. Syracuse ilishinda 127 kwa 117 baada ya saa tatu na dakika 46, na filimbi ya mwisho ililia saa saba na ushei za usiku kwa saa za New York. Dar es Salaam ilikuwa saa mbili asubuhi, watu wamekwisha kufika kazini, na kijana wao alikuwa ametoka kucheza katika mmoja wa michezo mirefu kuliko yote katika historia ya vyuo vya Marekani.

Timu iliyochoka namna ile ingeweza kuanguka mapema katika mashindano ya taifa. Badala yake iliipiga Chattanooga 103 kwa 47, huku Calhoun akiwa hospitali na msaidizi wake George Blaney akishika usukani. Ikaifunga Texas A&M, ikaifunga Purdue, na ikaitoa Missouri 82 kwa 75, mchezo ambao Walker alifunga pointi 23. Aprili 4 ilicheza nusu fainali Detroit mbele ya watu zaidi ya 72,000, wengi wao wakiwa upande wa Michigan State iliyokuwa nyumbani katika jimbo lake. Thabeet alifunga pointi 17, lakini Michigan State ilishinda 82 kwa 73. Safari ikaishia hapo.

Msimu huo ulikuwa na doa lake, na haki inataka lisemwe. Calhoun alikuwa akilipwa dola milioni 1.6 kwa mwaka, huku sheria za wakati ule zikiwakataza wachezaji kupokea malipo zaidi ya ufadhili wa masomo. Mwaka 2011 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliiadhibu Connecticut kwa makosa ya usajili wa mchezaji mmoja, na Calhoun akafungiwa michezo mitatu. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kunufaika na majina yao, na sasa vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Mabadiliko hayo yalichelewa mno, maana Thabeet na wenzake walijaza kumbi kwa miaka mitatu bila kuonja fedha hizo.

Alipoingia NBA mambo yalibadilika. Memphis, timu iliyomchagua, ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi yake, dakika zikawa chache, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini akiwa mchezaji wa nafasi ya juu zaidi katika uteuzi kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo. Chuoni alikuwa na uhakika wa kucheza, alikosea na kurudi uwanjani baada ya siku tatu. Akikosa mazingira hayo, kijana aliyegusa mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 anakuwa na deni la miaka mingi ya mazoezi dhidi ya wenzake. Miaka mitatu ya Connecticut ililipa sehemu kubwa ya deni hilo. Haikuweza kulilipa lote.

Ndiyo maana mjadala wa kama Thabeet alistahili kuchaguliwa wa pili hauisaidii Tanzania hata kidogo. Swali la maana ni kwa nini kijana wa urefu ule alilazimika kuvuka bahari ndipo apate kocha wa kudumu, ratiba inayojulikana kabla msimu haujaanza na mchezo mgumu kila wiki. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inafanya kazi nzuri ya kuwaibua vijana, lakini ni mashindano ya siku chache mahali pamoja, kisha kila mmoja anarudi kwao. Jirani kuna mfano wa karibu: Strathmore na USIU za Nairobi zimekuwa zikicheza katika ligi kuu ya Kenya, kwa hiyo mwanafunzi anapambana na watu wazima tangu mwaka wa kwanza. Dar es Salaam nako ipo UDSM Outsiders katika ligi ya mkoa, ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana hapa.

Kinachohitajika hakidai kumbi za mabilioni. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania na vyuo vikuu vikae mezani, vipange ligi ya nyumbani na ugenini inayoanza na kumalizika kwa tarehe zinazojulikana, na kila chuo kiajiri kocha ambaye kazi yake ni hiyo tu. Wizara iruhusu wachezaji wenye vipaji wapewe ufadhili wa masomo kama wanavyopewa wenye alama za juu. Dodoma, Mwanza, Arusha na Mbeya zina vyuo, zina vijana warefu na wafupi wenye njaa ya mchezo huu. Wakuu wa vyuo hivyo waanze mwaka huu wa masomo, hata kwa timu nne tu.