Suti ya Triathloni si ya Picha, ni ya Ngozi Yako

Sitazunguka mbuyu. Ile suti uliyonunua kwa sababu inakutoa poa kwenye picha itakuaibisha ukifika kilomita ya 70. Najua, kwa sababu yangu iliniaibisha, na mimi ndiye nilikuwa nawaambia watu wanunue.

Wale mnanifuata toka mwaka jana mnaikumbuka. Rangi ya zambarau, kipande kimoja, mikono hadi kwa viwiko, zipu mbele. Nilitumiwa na duka fulani bure. Nikapiga nayo picha Karura, nikapiga nyingine nimeegemea baiskeli, nikaandika, "Hii ndiyo yenyewe." Kitu sikuwaambia ni kwamba sikuwa nimekimbia nayo hata mita mia. Nilikuwa naiweka safi, ingoje siku yake.

Siku yake ilifika, mbio za nusu masafa huko Pwani: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kisha kukimbia 21.1. Baharini nilitoka nikicheka. Kwenye baiskeli chumvi ikaanza kukauka, na mshono wa kwapani ukaanza kukata. Kufika kilomita ya 40, ile pedi ya kukalia ilikuwa imejikunja. Kufika ya 60 nilikuwa nakaa upande mmoja kama mama amepanda bodaboda na sketi. Nilikimbia kilomita sita tu, nikasimama. Pumzi ilikuwepo. Miguu ilikuwepo. Ni mapaja yalikuwa yanatoka damu.

Mama mmoja aliyekuwa anagawa maji akanifunga leso kiunoni, akaniuliza, "Pole mwanangu, nani alikuvisha hii kitu?"

Hakuna aliyenivisha. Nilijivisha. Na jioni nikaposti picha ya kutoka baharini, nikasema tumbo lilinisumbua. Ulikuwa uongo. Leo naurudisha mbele yenu.

Sasa tuongee. Huu mchezo wetu una ugonjwa: tunachagua nguo kwa macho ya watu wengine. Tunauliza inakaaje, ni ya kampuni gani, nani mwingine anayo. Swali la inasuguaje baada ya saa tano hakuna anayeuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Suti ni hivyo hivyo. Kunguni wake hawatoki dukani, wanatoka kilomita ya 60.

Wacha tupige hesabu, kwa sababu wengi hawajaelewa urefu wa hii safari. Ironman kamili ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 na kukimbia 42.2. Mtu akimaliza kwa saa 14, ambayo si mbaya hata kidogo, amekaa dakika 840 akiwa na nguo ambayo imelowa maji ya bahari, ikalowa jasho, ikamwagiwa maji ya chupa, ikapakwa jeli ya sukari iliyomwagika. Chumvi ikikauka kwa kitambaa inakuwa msasa. Halafu piga pedali mara 80 kwa dakika kwa saa sita: kila mguu umezunguka mara 28,800. Paja limesugua tandiko mara 28,800! Ule mshono uliousikia kidogo tu ukijaribu nguo mbele ya kioo, jiulize utausikia vipi ukizidishwa mara hizo.

Najua majibu yenu, nimeyasikia kwa kila grupu.

La kwanza: "Suti ya kubana inapunguza upepo." Kweli, sibishi. Nguo inayopepea inakuvuta nyuma, na anayepigania nafasi ya kwanza ana haki ya kuhesabu kila sekunde. Lakini mimi na wewe tunapigania kumaliza kabla hawajafunga barabara. Ukichukua dakika tano kwa eneo la kubadilisha, ukavua nguo yenye chumvi na kuvaa kaptula kavu ya baiskeli yenye pedi nene, umetumia chini ya asilimia moja ya zile saa 14. Ni dakika tano tu, manze. Mimi niliokoa hizo dakika tano nikapoteza mbio nzima.

La pili, na hili ndilo linanikasirisha: "Kuumia ni sehemu ya mchezo. Mbona Kipchoge alishinda Berlin na viatu vimeharibika?" Ndiyo, mwaka 2015 Eliud Kipchoge alikimbia Berlin soli za ndani zikining'inia nje ya viatu vyote viwili, mguu ukachubuka, na bado akashinda kwa saa 2:04:00. Kila Mkenya anaijua hiyo stori, na kila mtu anaisoma vibaya. Alishinda licha ya viatu. Hakushinda kwa sababu yavyo. Halafu yeye aliumia saa mbili akaenda kupumzika. Wewe saa mbili zikiisha bado uko juu ya baiskeli, na marathoni yenyewe hujaigusa. Na zaidi ya yote, ndugu yangu, wewe si Kipchoge. Wala mimi.

Kuna maumivu yanayokujenga na kuna maumivu ya ujinga. Mapafu kuwaka kwenye mlima ni mchezo. Kidonda cha mshono ni uzembe wa mtu ambaye hakujaribu nguo yake. Abebe Bikila alipoona viatu alivyopewa Roma mwaka 1960 havimkai, alivivua, akakimbia miguu mitupu na akachukua dhahabu ya Olimpiki. Sikuambii ukimbie pekupeku barabara ya Pwani saa saba mchana. Nakuambia bingwa aliusikiliza mguu wake, hakuwasikiliza watu wanaomtazama.

La tatu ni pesa, na hapa naomba msamaha rasmi. Baada ya ile picha ya zambarau, msichana mmoja aliniandikia inboksi: "Dada, nilitaka kujaribu lakini sina pesa ya suti kama yako." Nilimjibu na emoji ya moyo. Hiyo tu. Mtu alitaka kuingia kwenye mchezo, akaangalia nguo yangu, akarudi nyumbani, na mimi nikamtumia moyo. Nguo yenyewe hata haikufika mwisho!

Kwa hivyo dada, kama bado unasoma, jibu lako ndilo hili. Huhitaji suti. Unahitaji kaptula inayobana yenye pedi, ya kitambaa kinachokauka haraka, na vesti nyepesi. Vipande viwili hata vinakusaidia: ukibanwa na haja ndogo hutavua kila kitu hadi mabegani ukiwa umelowa. Pamba iache nyumbani, inashika maji na inabaki nzito. Usivae chupi ndani ya kaptula yenye pedi, inaleta mishono mingine ya kukusugua. Sidiria ndiyo uichague kwa makini kuliko kitu kingine, kwa sababu mkanda wake wa chini ndio huchora mstari mwekundu ambao utakuliza ukioga.

Nenda Gikomba, nenda Toi, ukiwa Mombasa nenda Kongowea. Huko "kamera" ni nguo safi inayotolewa kwanza robota likifunguliwa. Hiyo ndiyo kamera ya kufikiria. Pindua nguo nje ndani, pitisha kidole kwa kila mshono. Bonyeza pedi: kama imekufa na haijai tena, wachana nayo. Kwapa likibana, fundi wa cherehani ataongeza kipande.

Halafu ijaribu, na kuijaribu si kuvaa mbele ya kioo. Iloweshe maji ya chumvi, vaa, shuka nayo barabara ya Magadi kwenye jua kali kwa saa nne, shuka kwa baiskeli ukimbie dakika arobaini. Ukifika nyumbani vua ujiangalie: shingoni, kwapani, mapajani, chini ya sidiria. Palipo pekundu ndipo pa kupaka mafuta mazito siku ya mbio, na kama pametoka damu hiyo nguo si yako, hata kama ulipewa bure. Hasa kama ulipewa bure.

Na tafadhali, mtu asikuuzie ile suti nzito ya mpira ya kuogelea kwa mbio za Pwani yetu. Kwa washiriki wa kawaida, sheria za Ironman zinasema maji yakipita nyuzi 24.5 ukiivaa huwezi kushindania tuzo, na bahari ya Mombasa mara nyingi imepita hapo. Hiyo ni nguo ya maji baridi ya Ulaya. Huku utajichemsha tu.

Jambo la mwisho. Nina rafiki Mombasa anayeogelea amejifunika, mikono, miguu na nywele. Aliweka picha kwa grupu yetu ya mazoezi, wasee wakacheka, ati amekuja kuvua samaki. Yeye anaogelea kuliko nusu ya waliocheka. World Triathlon, shirikisho la mchezo duniani, ilishalegeza sheria zake ili anayejisitiri kwa sababu ya imani aweze kushindana. Kinachokatazwa kwa kawaida ni kifua wazi, kwa hivyo hata nyinyi mnaopenda kufungua zipu hadi kitovuni mjiangalie. Raha ya mwili haiko peke yake. Mtu anayehisi yuko uchi mbele ya watu hayuko huru, na mtu asiye huru hawezi kwenda saa 14. Nguo nzuri ni ile unaivaa alfajiri na kuisahau hadi jioni.

Ile ya zambarau bado iko kwa sanduku langu. Sitaiuza, kwa sababu sitaki kumpelekea mtu mwingine vidonda. Na kuanzia leo sitasifu nguo hapa kabla sijaivaa saa nne, iwe nimenunua ama nimepewa. Mkiniona nimevunja hii ahadi, nichaneni hadharani.

Narudi Pwani kwa zile zile mbio. Kaptula nyeusi ya Gikomba, vesti ya kijivu iliyofifia, mapaja yamejaa mafuta. Picha zitakuwa mbaya sana.

Lakini wakati huu nitafika.

Wewe nguo gani ilikuumiza ukanyamaza? Sema hapa chini. Aibu yako inaweza kuokoa ngozi ya mwenzako.