Neno "Mia" la Kiyunani na Hesabu ya Siku Ukambani

Kuna hoja inayorudiwa mno mimbarini, na siku hizi hata katika insha za wanafunzi wetu wa tafsiri watokao Kitui na Makueni, ambayo haistahili kuendelea kupita bila kuhojiwa. Hoja hiyo ina sura mbili. Ya kwanza hudai kwamba wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walipotosha Injili walipoandika kuwa wanawake walifika kaburini "siku ya kwanza ya juma", kwa kuwa Kiyunani chasema mia ton sabbaton, yaani, eti, "moja ya sabato". Ya pili hushika majina ya siku na kuuliza: Jumapili yawezaje kuwa siku ya kwanza ilhali jina lake lasema pili? Na Jumamosi yawezaje kuwa siku ya saba ilhali Mkamba huiita Wathanthatũ, yaani ya sita?

Huu si mzaha wa sarufi. Katika nyumba ambamo kaka hupumzika Jumamosi na dada Jumapili, hoja hizi huingia katika kupanga siku ya mazishi, siku ya kupokea posa, na siku ya kupanda. Na mvua ya Novemba haimngoji mtu amalize kubishana.

Tuanze na neno lenyewe. Mia hii haina undugu wowote na mia yetu ya kuhesabia fedha. Ni "moja" ya Kiyunani katika umbo la kike. Lugha hiyo ina maumbo matatu ya moja, heis, mia na hen, na kila umbo hufuata jinsia ya nomino inayohesabiwa. Sabbaton ni nomino ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Basi "moja ya sabato" ingekuwa hen, kamwe isingekuwa mia. Umbo la kike linaafikiana na hemera, "siku", ambayo haikutamkwa. Anayesema lugha ya ngeli hahitaji kwenda Athene ili aelewe jambo hili. Mwambie muuzaji wa sokoni Wote, "Nipe kimoja cha machungwa." Atajua papo hapo kwamba hutaki chungwa, maana chungwa lingekuwa "moja", atanyosha mkono kuchukua kikapu. Hukukitaja kikapu, lakini upatanisho wa kisarufi umekitaja kwa niaba yako. Mwanafunzi anayeufahamu upatanisho huo katika Kikamba na Kiswahili, kisha akausahau anapofungua kamusi ya Kiyunani, ameiacha silaha yake nyumbani.

Na sabbata? Neno hilo lilitaja siku ya sabato na pia mzunguko mzima wa siku saba. Farisayo wa Luka 18:12 hujisifu kwamba hufunga mara mbili kwa sabbaton. Bila shaka hakufunga mara mbili katika siku moja. Sisi tuna mfano ulio karibu zaidi. "Juma" limetoka katika Kiarabu, katika jina lile lile la siku ya ibada lililotupa Ijumaa, na bado hakuna msomaji anayedhani kwamba "mwisho wa juma" ni Ijumaa jioni. Siku ya ibada imeupa mzunguko mzima jina lake, huko kama huku.

Linabaki swali la kwa nini "moja" isomwe "ya kwanza". Hii ni desturi ya Kiebrania iliyoingia katika Kiyunani cha maandiko: Mwanzo 1:5, katika tafsiri ya kale ya Kiyunani, huiita siku ya kwanza ya uumbaji hemera mia, siku moja. Marko 16:9 hutumia prote, "ya kwanza", kwa siku ile ile. Hata tukikubali kwamba aya za mwisho za Marko ziliongezwa baadaye, aliyeziongeza alikuwa msomaji wa Kiyunani, na tunaona alivyoielewa mia.

Kiswahili nacho kinalo neno la namna hiyo: mosi. Twasema "tarehe mosi", na hakuna anayeuliza kama ni moja au ni ya kwanza. Lingekuwa neno lililofaa kuliko yote, lakini limekwisha kutwaliwa. Laiti wafasiri wangeandika "siku ya mosi ya juma", kila msomaji kutoka Lamu hadi Mwingi angeelewa Jumamosi, na Injili ingesogea siku nzima. "Ya kwanza" ilikuwa njia pekee iliyobaki wazi. Wanaowatuhumu wafasiri kwa hila hawakuliona hata jiwe walilolikwepa.

Kuhusu majina ya siku, ni ajabu kwamba hoja hiyo imedumu. Wiki ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia siku inayofuata Ijumaa, na kwa hiyo Jumatano ni ya tano. Lakini Alhamisi, kwa Kiarabu, nayo ni ya tano! Tuna siku mbili za tano katika wiki moja, zimekaa bega kwa bega, na hakuna aliyewahi kupoteza siku kwa sababu hiyo. Alhamisi yahesabu kutoka Jumapili, ambayo Waarabu huiita al-ahad, "moja", sawasawa na mia. Wagiriki wa leo huiita Jumatatu Deftera, ya pili. Kikamba kimeanza kwingine: Jumatatu ni Wakwambĩlĩlya, ya kuanza, Jumanne ni Wakelĩ, ya pili, hadi Wathanthatũ, na Jumapili, Wakyumwa, haina namba. Mkristo wa Nzaui, mahali ambapo misheni ya Africa Inland ilianzia mwaka 1895, ana hesabu tatu kinywani. Kila moja yaeleza mahali wahesabuji walipoanzia. Hakuna hata moja iliyo shahidi wa maana ya Marko, kitabu ambacho Krapf alikwisha kukichapisha kwa Kikamba mwaka 1850.

Wala sarufi haimpi ushindi anayepumzika Jumapili. Mia yasema siku gani kaburi lilikutwa wazi. Haisemi siku gani jembe litundikwe. Anayetaka amri hiyo aitafute kwingine.

Lawama yangu kwa wafasiri ni nyingine kabisa. Katika Mwanzo 1:5 waliacha "siku moja", wakafanya vyema; katika Injili wakaandika "siku ya kwanza", wakalazimika. Hivyo msomaji wa Kiswahili hasikii kwamba alfajiri ya kaburini yatajwa kwa neno lile lile la siku ya nuru. Tanbihi ya mstari mmoja chini ya Marko 16:2 ingetosha.