Kasemaje?

Usiku wa Iddi pili tulikusanyika nyumbani kwangu watu kumi na mmoja mbele ya televisheni: mama yangu, aliyevuka miaka themanini, wanangu na wenzi wao, na wajukuu waliojaa mkekani. Filamu iliyochaguliwa ilikuwa The Lion King, ile ya katuni ya mwaka 1994, kwani, alisema mwanangu, “hiyo ni filamu ya familia, haina aibu.” Haikupita robo saa mama akauliza, “Kasemaje?” Akajibiwa kwa neno moja. Akauliza tena, akaambiwa, “Subiri, Bibi, utaona.” Mara ya tatu hakujibiwa na mtu. Akainuka taratibu, akasema anakwenda kuswali. Isha alikuwa ameshaiswali, na sote tulijua. Hakurudi.

Tangu usiku huo neno hili “familia,” linalobandikwa kwenye filamu kama nembo ya usafi, limekuwa likinikera. Kwetu Visiwani filamu hupimwa kwa kipimo kimoja tu: je, wamo waliobusiana? Ikiwa hawamo, basi ni ya familia. Mimi si mtu wa kuibeza haya. Haya ni nguzo ya nyumba, na nyumba isiyo nguzo haina paa. Lakini nguzo peke yake si nyumba. Filamu iliyo safi kama maji ya mvua, ikiwa nusu ya waliokaa mbele yake hawaelewi inachosema, hiyo si ya familia. Ni ya wale walioisoma lugha yake skuli; wengine ni wageni ndani ya ukumbi wao wenyewe.

Mama huyu aliyeondoka mkekani si mgeni wa sinema. Kizazi chake kililelewa na Majestic ya Vuga, na Empire, na Cine Afrique ya Malindi. Kihindi hakijui, lakini filamu za Kihindi alizijua kwa moyo, kwa sababu katika kumbi zile kuuliza hakukuwa kosa: aliyefahamu alimweleza asiyefahamu, na aliyekwisha kuiona alimtangulizia aliyekuja mara ya kwanza. Akirudi nyumbani, alitusimulia. Kisa cha Mother India, filamu ya mwaka 1957, nilikisikia kinywani mwake kabla sijakiona kwa macho: Radha aliyeachwa na mume, mkopeshaji anayewanyonya wanakijiji, na yule mtoto wake Birju, ambaye mwishowe mama mtu anampiga risasi kwa mkono wake, asimwache aivunje heshima ya msichana wa kijiji.

Njaa imo, riba imo, utekaji umo, na mama anamuua mwanawe. Kwa kipimo cha mkasi, sijui kama ingeitwa ya familia. Lakini tuliijadili uani miaka na miaka. Bibi yangu akisema Radha alifanya haki. Mama akisema haki hiyo yeye asingeiweza. Nasi watoto tukisikiliza watu wazima wakitofautiana bila ya kutukanana. Elimu yangu ya dhamiri nusu yake imetoka pale. Ya familia, basi, ni ile inayoiachia familia jambo la kuzungumza baada ya taa kuwashwa, na hakuna mazungumzo pasipo kufahamu.

Sasa turejee kwa yule simba. Filamu imejipamba kwa maneno yetu: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa, na fisi aliyeitwa Shenzi. Kampuni ya Disney ikafika hadi kuyasajili nchini Marekani, mwaka 2003, maneno “Hakuna Matata” kuwa alama yake ya biashara, na mwaka 2018 kelele zikapigwa huku na huku, zangu zikiwamo. Leo naona tulililia ukucha tukasahau kidole. Tuligombea maneno mawili, wala hatukuuliza kwa nini filamu iliyovaa majina yetu iingie majumbani mwetu ikiwasemesha mama zetu Kiingereza, ilhali Wazulu walitiliwa sauti filamu hiyo hiyo kwa lugha yao tangu miaka ya 1990.

Wako watakaosema kutia sauti ni kazi ya mafundi, si ya washairi. Nami nasema ni kazi ya mshairi kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote, kwani ni kazi ya mizani. Mdomo wa Mwingereza ukikataa hufunguka mara moja. Ukimtia “hapana,” mizani tatu, mdomo umefunga na sauti bado inakwenda. Mshairi atakumbuka kwamba tunalo “la.” Nani aliyefundwa kuhesabu mizani na kulipima neno kabla ya kulitoa, kama si sisi?

Na mizani ni nusu tu ya kazi. Yule Scar, anayemuua kaka yake ili atawale, Waingereza humwita kwa neno lile lile wanalomwitia ndugu wa mama. Mfasiri wa haraka ataandika “mjomba,” na hapo hapo atakiua kisa. Mjomba hutajwa kwetu kwa upole, naye hana dai katika kiti cha baba. Huyu ni ami: damu ya baba, aliye karibu na urithi, na aliyestahiki kuwa baba wa yatima. Mwambie mama yangu kwamba ni ami aliyefanya vile, na hutakuwa na haja ya kumweleza zaidi.

Kazi hii wameifanya wengine sisi tukiwa tumekunja mikono. Walianza wasimulizi wa vibanda vya video, waliozifasiri filamu za Kichina na za Marekani papo kwa papo, kwa ucheshi na kwa makosa, na watu wakajaa. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti ya Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Kisa cha bibi harusi na mavyaa zake kikapendwa, kwani nani kwetu asiyezijua habari za mavyaa? Siku hizi zipo za Kituruki. Wasomi wetu huzicheka: lafudhi mbovu, ngeli zimevurugwa, matusi mahali pa mzaha. Mara nyingi wanacheka kwa haki. Lakini aibu hiyo si ya waliothubutu. Ni yetu tuliokaa barazani na kamusi mapajani.

Nasema “yetu” kwa kuwa mimi ni wa mwanzo. Miaka kadhaa iliyopita kituo kimoja kiliniletea filamu ya watoto niifasiri, kwa usiku mbili na kwa malipo ya kunitia haya kuyataja. Nilikataa kwa kiburi, nikarudi kwenye meza yangu kuandika makala juu ya kudhoofika kwa Kiswahili. Kazi akapewa mwingine. Filamu ilipotoka niliiona: ami alikuwa amegeuka mjomba. Malipo yao yalikuwa ya dhulma, na muda wao ulikuwa wa dhihaka, hilo silifuti. Lakini sikwenda kugombea muda wala malipo. Nilikwenda kunung’unika tu.

Nitaambiwa: waacheni watoto wajifunze Kiingereza. Wajifunze, na skuli zipo. Nitaambiwa: wekeni maandishi chini ya picha. Ni vyema, lakini mtoto wa miaka minne hajaanza kusoma, na macho ya mama yangu yamekwisha kuacha. Wawili hao ndio ncha mbili za familia. Ukiwatoa, unabaki na nini? Tena kila mmoja sasa ana simu yake na filamu yake kiganjani. Kioo cha ukumbini ndicho mkeka wa mwisho tuliobakiwa nao.

Ijumaa iliyofuata niliirudia filamu ile nikiwa nimekaa ubavuni mwa mama, nikiisimamisha na kuifasiri. Dakika 88 zilituchukua karibu saa tatu. Ami alipomwachia kaka yake akaanguka, mama alishika tama. “Na mtoto akamtwika lawama,” akasema. “Huyo namjua.” Akaanza kutusimulia habari ya shamba moja la mikarafuu na mayatima wawili, ambayo katika miaka yangu yote sikuwahi kuisikia. Wajukuu walizilaza simu zao. Filamu ilibaki imesimama, na hakuna aliyetaka iendelee.

Washairi wenzangu, kisa kile kilikuwa kimefungiwa nyuma ya swali moja la neno moja. Ni zamu yetu kulijibu.