Mazembe: si kuuza njo kunatuumiza, ni kukosa mwenye kushika nafasi

Mwezi wa nne 2024 Mazembe ilikuwa katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Al Ahly ya Misri ilikuja Kamalondo ikatoka 0-0, kisha ikatupiga 3-0 kule Cairo. Tuliumia, lakini tulisema: tumerudi. Mwezi wa kwanza 2025 tulimaliza wa mwisho katika kundi la timu nne, nyuma ya Al Hilal ya Sudan, MC Alger na Yanga ya Tanzania. Yanga hiyohiyo ilisawazisha hapa kwetu katika dakika za nyongeza, 1-1, halafu ikatufunga 3-1 Dar es Salaam.

Tangu pale, ukipanda bisi ya wafanyakazi saa kumi na moja asubuhi, ukikaa na wenzako saa ya kula, habari ni moja: ekipe. "Banatuuzia bachezaji bote!" "Bale bageni, nani alibaleta?" "Antrenere anaachaka muzuri ku banc, anaingiza mwenye kuchoka." Tunasikia hayo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na sisi wenyewe tunayasema. Mtu aliyelipa tiketi na mshahara unaochelewa ana haki ya kukasirika. Lakini tunaona hasira yetu inapiga mahali si pake.

Tuanze na neno la kuuza. Mazembe haikuanza jana kupoteza wachezaji wake wazuri. Mwezi wa tano 2010, kule Kigali, Trésor Mputu na Guy Lusadisu waligombana na mwamuzi katika kombe la Kagame. FIFA ikamfungia Mputu mwaka mzima. Mputu huyu alikuwa mchezaji bora wa 2009 kati ya wale wanaocheza Afrika, na timu yote ilikuwa inapita kwenye miguu yake. Wengi tulisema: mwaka umekwisha. Mwisho wa mwaka ule Mazembe ilipiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa nyumbani, ikabeba kombe la Afrika mara ya pili mfululizo. Kisha Abu Dhabi: Pachuca 1-0, goli la Bedi, Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia ya klabu, na Mputu hayuko. Inter Milan ilitufunga 3-0, lakini nani anakumbuka hiyo? Watu wanakumbuka Kidiaba akiruka-ruka na matako.

Bedi, Kabangu na Kaluyituka hawakununuliwa usiku mmoja ili kuziba pengo. Walikuwa ndani ya ekipe tangu taji la 2009, wanajua kila mmoja anapenda mpira kwa mguu gani. Mputu alipotoka, nafasi yake ilikuwa tayari na watu.

Sasa tuangalie neno la wageni. Fainali ya 2015 na USM Alger tulishinda 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani. Magoli yale manne: mawili ya Mbwana Samatta wa Tanzania, moja la Rainford Kalaba wa Zambia, moja la Roger Assalé wa Côte d'Ivoire. Hata moja halikufungwa na mtoto wa hapa! Siku ile hatukusikia mtu katika Kamalondo akiuliza pasipoti. Kwa hiyo mgeni si tatizo. Tatizo ni mgeni wa kupita, anayefika msimu unaanza na kuondoka kabla hatujalizoea jina lake. Samatta alikuja 2011, baada ya kucheza na Simba yake dhidi yetu, na alikaa zaidi ya miaka mine. Kalaba naye alikaa miaka mingi.

(Mechi zile za Simba zilituachia somo lingine. Tulishinda uwanjani, lakini Simba walilalamika juu ya karatasi za Besala Bokungu, na CAF ikatutoa katika mashindano tukiwa mabingwa. Mchezaji mmoja ambaye karatasi yake haikunyooka, na mwaka mzima ukapotea. Anayesema orodha ya wachezaji ni kazi ya ofisi tu, akumbuke 2011.)

Mwezi wa kwanza 2016 Samatta alipewa zawadi ya mchezaji bora wa wale wanaocheza Afrika, na mwezi uleule akaenda Genk ya Ubelgiji. Alifanya vizuri kwenda. Baadaye alifika hadi Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Premier League. Lakini sisi tulilipa: miezi michache baadaye Wydad ya Morocco ilitutoa, 2-0 kwao na 1-1 hapa. Tukashushwa katika Kombe la Shirikisho. Na hapo wale waliobaki, Kalaba akiwa mbele, walibeba kombe lile mbele ya MO Béjaïa, 4-1 katika mechi ya mwisho Lubumbashi. Mwaka 2017 tukalibeba tena.

Tangu 2017, wanaume hawajaleta taji la Afrika. Wanawake ndio walituletea, mwezi wa kumi na moja 2024 kule Morocco, 1-0 mbele ya AS FAR, na tunaona hawakushangiliwa inavyostahili.

Kwa nini wanaume walikwama? Wachezaji bado wanaondoka, Jackson Muleka alienda Standard de Liège 2020, lakini anayefuata hapatikani akiwa ameiva. Sehemu moja ya sababu haiko mikononi mwa Mazembe. Kijana anaivishwa na mechi, na championnat yetu inasimama-simama. Mwaka 2020 Covid iliikata, taji likagawiwa ofisini. Msimu wa 2022-2023 haukumalizika. Kijana wa miaka kumi na tisa akikosa mechi ishirini kwa mwaka, halafu unamtupa mbele ya Al Ahly, utamlaumu nini?

Sehemu ya pili iko mikononi mwao. Wenye kufanya kazi katika mgodi wanaelewa: dereva wa benne haachi mashine siku moja, kesho mwingine akapanda bila kukaa pembeni yake hata kidogo. Anakaa, anaangalia, anaendesha kipande, ndipo anapewa. Klabu inayojua kwamba mshambuliaji wake ataenda Ulaya mwezi wa kwanza au wa nane, inapaswa kuwa na mwingine anayecheza dakika ishirini, thelathini, kila wiki kabla ya siku ile. Tunaona mara nyingi kinyume: namba tisa anacheza mpaka siku ya mwisho, na mrithi wake anafika na bahasha ya uwanja wa ndege.

Na wasituambie kwamba mambo ya ekipe hayahusu sapota. Hatuombi kuona mikataba. Tunaomba mambo mawili ambayo kiongozi yeyote anaweza kuyasema katika radio kwa dakika tano: mchezaji huyu ameenda, nafasi yake anaichukua fulani, tumemwandaa tangu siku fulani, na karatasi zake ziko CAF, zimekubaliwa. Mtu aliyetoka poste ya usiku akasimama mlangoni Kamalondo na jezi nyeusi na nyeupe ataelewa. Hata kama hakubali.

Msimu ukianza, sisi tutaangalia kitu kimoja katika mechi za kwanza za championnat, zile ambazo Mazembe inaongoza 3-0 na saa bado: dakika ya sitini, nani anaingia mahali pa namba tisa, na kama ni yuleyule kila wiki.