SAHANI YA MGONJWA WA FIGO

Mtu akishaambiwa kwamba figo zake hazifanyi kazi tena, jamaa zake huifikiria kwanza mashine ya kusafisha damu, na gharama yake. Hatuwalaumu, maana pasipo mashine hiyo mgonjwa hakawii kufa. Lakini liko jambo la pili, ambalo aghalabu hutajwa kwa haraka mlangoni wakati wa kuagana: chakula.

Tangu Daktari Belding Scribner alipoanza kuwatibu wagonjwa hao kwa kudumu mjini Seattle, Marekani, mwaka 1960, mashine zimezidi kuwa bora. Hata hivyo wagonjwa wengi hukonda, na wanaokonda ndio walio katika hatari zaidi ya kufa mapema. Mwaka 1990 wachunguzi Lowrie na Lew walitangaza habari za wagonjwa zaidi ya 12,000 wa Marekani: ambao albumini ya damu yao ilikuwa chini, hatari ya kufa kwao ilikuwa kubwa. Kweli, albumini hushushwa pia na maradhi mengine, si njaa peke yake. Lakini hiyo si sababu ya kuacha kuitazama sahani.

Taabu kubwa ni kwamba amri hubadilika. Kabla ya mashine mgonjwa huambiwa apunguze nyama, samaki na mayai, figo zisilemewe. Akishaanza mashine yampasa kuviongeza, kwa kuwa kila asafishwapo damu hupotezwa pia gramu kadhaa za vijenzi vya protini. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2020 wataka gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mtu wa kilo 60 basi ahitaji gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Asiyeelezwa hayo huendelea kujinyima, akidhani anamtii daktari. Na kwa kuwa amekwisha kukatazwa ndizi na madafu, ambayo kwake ni hatari kweli, huogopa kila kitu, akabaki na uji na chai ya rangi.

Katika nchi kama Ujerumani mgonjwa hupewa chakula hata akiwa kwenye mashine. Twaziomba hospitali zetu zenye mashine zimweke bibi au bwana wa lishe chumbani humo humo, ampime mgonjwa uzito na kumwuliza jana alikula nini. Na yule ambaye daktari haoni hofu ya presha yake kushuka, apewe yai au kipande cha samaki kabla hajaondoka.