Mtandao si Luku

Kuna neno moja lililoharibu ujirani katika nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam, nalo ni neno "kula". Fulani anakula mtandao. Mtoto wa fulani anatulia mtandao wetu. Nimelisikia kwa wenye nyumba, kwa wapangaji wenzangu, hata kwa vijana wa mauzo wanaokuja kutufungia vifaa, na nasema wazi kwamba ni neno la uongo, na kwamba wapo watu wanaoumizwa nalo.

Chimbuko lake si gumu kuliona. Tumezoea mita ya Luku. Wapangaji watano wakichangia mita moja, uniti zikanunuliwa Jumatatu, mwenye friji na mwenye pasi huzimaliza kabla ya Alhamisi, na mwenye taa moja hubaki gizani akiwa na kila haki ya kununa. Bando la simu nalo huisha vivyo hivyo. Basi tulipoanza kuchangia laini moja ya intaneti ya nyumbani, ile isiyo na kikomo cha data, tuliubeba ugomvi wa Luku mzima mzima tukauhamishia huku. Lakini laini ya namna hii haina uniti za kumalizwa. Ina upana wa mlango tu. Aliyepita jana hakukupunguzia wewe kitu leo. La kuuliza ni nani amesimama mlangoni sasa hivi.

Katika nyumba ninayopanga tuko familia tano, na laini yetu iliuzwa kwa megabiti 20 za kupakua na 4 za kupakia kwa sekunde. (Megabiti, ndugu msomaji, wala si megabaiti; gawa kwa nane, utaona kwamba 20 hizo ni megabaiti mbili na nusu tu. Wauzaji wanaijua hesabu hii vizuri sana, ndiyo maana hawaitaji.) Jioni simu za video zilikuwa zinakwama. Baba mwenye nyumba akaamua kwamba mkosaji ni kijana wa kidato cha tano, mtoto wa mama fundi cherehani anayekaa chumba cha uani, kwa sababu kijana huyo husoma masomo yake kwa video. Akabadili nywila, akawapa wote isipokuwa chumba kile.

"Baba, mbona na sisi tumechanga?" mama yule aliuliza.

"Mwanao anatumalizia, mama. Subiri kwanza."

Mama huyu hupokea oda kwa simu na hutuma picha za mishono kwa wateja wake. Kumkatia mtandao ni kumfungia duka. Na amekatiwa bila mtu yeyote kupima chochote!

Basi nikapima. Alfajiri, nikiwa nimechomoa kila kifaa, niliunganisha kompyuta yangu kwenye ruta kwa waya. Nikapata 19 na ushee za kupakua, na karibu 4 za kupakia. Kwa hiyo tuliuziwa tulichouziwa. Kisha nikaenda chumba cha uani bila waya, nikapata 6. Hapo hakuna aliyekula; ni kuta tatu za matofali, na ni masafa ya gigahezi 2.4 ambayo majirani wote wanayagombania, maana chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Asiyepima kwa waya kwanza hawezi kujua kama anagombana na kampuni, na ukuta, au na binadamu.

Kipimo kilichonifungua macho ni cha muda wa kwenda na kurudi. Alfajiri ile kilikuwa milisekunde 14. Saa mbili usiku, vifaa vyote vikiwa vimewashwa, kilipita 1,300, yaani zaidi ya sekunde nzima. Na kijana wa watu alikuwa ameshakatiwa siku ya nne!

Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja. Televisheni, hakuna badiliko. Simu zangu mwenyewe, hakuna. Nilipochomoa kamera mbili za ulinzi za getini, muda ukashuka papo hapo. Kila kamera ilikuwa inapakia megabiti 2 kwa sekunde, usiku na mchana, kwenda kuhifadhiwa mbali. Mbili mara mbili ni nne. Mlango wa kutokea umejaa. Mchana nyumba imelala, hakuna wa kulalamika. Jioni kila mtu anaona kinachopakuliwa kinakwama, kwa sababu kila kinachopakuliwa hudai stakabadhi irudi ilikotoka, na stakabadhi hizo zilikuwa zimekaa foleni nyuma ya picha za geti letu. Kamera hizo ni mali ya baba mwenye nyumba.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 2010 mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, alikutana nalo nyumbani kwake: alipokuwa akipakia mafaili, ucheleweshaji ulipita sekunde moja, kwa sababu vifaa vilikuwa na kumbukumbu kubwa mno ya kupangia foleni. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kuifupisha foleni hiyo, na mwaka 2018 ilichapishwa rasmi njia inayoupa kila mtiririko wa data foleni yake, ili mwenye bahasha asisubiri mwenye gunia. Ruta zenye uwezo huo zipo. Unaiwekea kikomo chini kidogo ya kasi uliyoipima, sisi tungeweka 18 na 3.5, foleni ikae ndani ya nyumba ambako inaweza kugawiwa kwa haki.

Kijana wa mauzo nilipomweleza haya alinijibu, "Mzee, pandeni kifurushi tu." Sikatai, mlango mpana husaidia. Ila simu moja ikianza kupakia picha za harusi, huo mpana nao utajaa, na tutatafuta kijana mwingine wa kumkatia. Mwezi Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini na nchi nzima ikasuasua, hata siku hizo niliwasikia watu koridoni wakiulizana nani kati yetu anapakua sinema.

Kamera sasa zimewekwa zirekodi pale tu kitu kinapopita getini, na chumba cha uani kimepewa nywila baada ya siku 11. Mwisho wa mwezi baba mwenye nyumba alipita kukusanya michango, akadai kwa mama fundi cherehani mchango kamili, zikiwemo siku 11 hizo. Nimemwambia mama asilipe, na karatasi ya vipimo vyangu nimeibandika juu ya mita ya Luku.